Uzito wa Mtungi Mtupu

Julai imeingia Kahawa West kama mdai:
haibishi hodi, haiketi,
inasimama tu ndani, kando ya kabati.
Soksi za Nyaboke zina siku tatu kambani
na bado zinalia maji.

Nimeshuka ghorofa nne hadi kwa Munyao,
penye kizimba cha vyuma na mitungi iliyofungiwa
kama kuku wa mnada,
huu wa buluu, ule wa kijani,
mmoja umepakwa rangi juzi, nyekundu juu ya kijivu,
na Munyao anatazama simu yake ninapougusa.

"Wa kilo sita utakutosha," anasema.
"Si mko wawili tu?"
Wawili tu. Kumbe amehesabu.
Hesabu yake ni sahihi tangu Machi.

Nipe wa kumi na tatu. Kuna hita safari hii.
Nipe wenye lakiri nzima, na mwaka niusome mwenyewe.
Nauinamia shingoni kama mnunuzi wa mbuzi akagua meno:
tarehe ya ukaguzi, alama ya kampuni,
na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma,
kumi na tatu nukta nane,
uzito wa mtungi mtupu.
Kile ambacho utabaki nacho
hata tukishaunguza kila kilichokuwamo.

Ekai anautupa begani.
Ghorofa ya kwanza anapiga mluzi,
ya pili ananyamaza,
ya tatu anaegemea ukuta, anasema:
"Kwetu Lodwar, mama, joto halipimwi kwa kilo.
Linakuja bure, linakaa mpaka ulichukie."
Jasho linamshuka hadi kwenye kola.
Mimi nimevaa sweta mbili.

Hapo hapo ya tatu ndipo ulipo mlango namba nane.
Mwaka jana, wiki kama hii,
waliingiza jiko la makaa chumbani,
wakaziba nyufa kwa leso na magazeti
kwa sababu ya mtoto mchanga.
Asubuhi jiko lilikuwa limezimika lenyewe.
Tangu hapo sote tunapita upande wa pili wa korido,
hata wageni, ambao hawajaambiwa.

Ninayo mizani ya bafuni. Aliiacha yeye;
hakuchukua kitu chochote kizito.
Napanda peke yangu: sitini na nne.
Napanda nimeukumbatia mtungi
(Ekai anageuza uso, kwa heshima au kwa kicheko):
tisini kamili.
Jitoe mwenyewe. Toa chuma.
Kumi na mbili nukta mbili.

Napiga simu.
"Mizani hiyo ni ya kupimia tumbo, si gesi," Munyao ananijibu.
"Mwambie kijana aurudishe, kama huamini."
Ekai amesikia. Haniangalii mimi,
anaangalia ngazi.

Basi gramu mia nane nimeziandika ukutani kwa penseli,
pamoja na tarehe, juu ya swichi,
mahali ambapo jina la Munyao litaniona kila nikiwasha taa.
Ekai nimempa chai. Ameinywa akiwa amesimama,
mikono yote miwili imeizunguka bilauri.

Povu la sabuni kwenye valvu: natulia, nasubiri.
Hakuna kiputo. Nafungulia.
Hita inakohoa, inashika, inakuwa na uso.
Kisha naliendea dirisha, nalisukuma
upana wa vidole viwili.

"Mama! Tunanunua moto
halafu unaikaribisha baridi?"

Vidole viwili, Nyaboke. Usiuguse.
Hewa ya Julai inaingia kwa ubavu,
nyembamba, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi,
na mbele ya moto, juu ya mgongo wa kiti,
soksi zinaanza kutoa mvuke.